Dampo Limerudi, Sisi Tumebaki

Mume wangu mtaa mzima unamwita Sheria, na si kwamba amesomea sheria. Kusoma kwenyewe aliishia pale ambapo wengi wetu tuliishia. Anaitwa hivyo kwa sababu ni mtu ambaye akikuta pameandikwa "Usikanyage nyasi" atazunguka uwanja mzima kwa miguu, hata kama nyasi zenyewe zilishakufa zamani na kilichobaki ni vumbi. Ni dereva wa lori la taka la jiji, lori kongwe kuliko ndoa yetu. Mimi ni msusi. Nasukia watu barazani kwangu, na mdomo wangu, namshukuru Mungu, haujawahi kwenda likizo. Majirani husema yeye alipewa subira yote ya nyumba na mimi nikapewa maneno yote.

Tunakaa na mama yake, mama mkwe wangu, katika vyumba viwili na ukumbi, nyuma ya dampo la jiji. Na msije mkasema tulikwenda kujenga damponi. Sisi tulikuwa hapa kwanza. Dampo ndilo lililotufuata, wala hatukulialika. Ukifungua dirisha la jikoni unaona mlima wa taka unafuka moshi kutwa, kwa sababu taka zikilaliana sana hushika moto zenyewe kwa chini. Mama ana pumu, na ilimwanzia hapa hapa, moshi ulipohamia. Kinachomweka hai ni dawa ya kuvuta, kichupa kidogo cha kupuliza mdomoni, anachopewa kwenye zahanati ya jiji ng'ambo ya daraja. Anapewa bure, maana jiji liliwahi kuamua jambo moja la maana: wazee wote wakazi wa jiji watibiwe bure. Kichupa kikiisha, mama huketi kitandani ameinama, mikono magotini, anavuta hewa na hewa haiji. Nimeshamwona hivyo mara nyingi na bado sijazoea.

Sasa jiji letu likapata ugonjwa wa kutaka tuzo. Kulikuwa na mashindano ya majiji safi, na waheshimiwa wetu wakaapa kwamba mwaka huu kombe haliendi kwa mwingine. Wakakaa kuchunguza dosari zao, wakakuta ziko tatu: dampo linalofuka moshi, watu wanaougua kila mvua ikinyesha, na nyumba zilizojengwa bila mpango na bila vyoo. Zote tatu, kwa bahati yetu, zilikuwa zinakaa pamoja kwetu.

Mtu wa kawaida angesema: haya, tuzime moto wa dampo, tuchimbe mitaro, tujenge vyoo. Lakini mtu wa kawaida hachaguliwi kuwa diwani. Baraza la jiji lilikaa kutwa nzima, kwa chai ya asubuhi, chakula cha mchana na chai ya jioni, likatoka na uamuzi ambao hata shetani angeomba aelezwe tena. Waliamua kuusogeza mpaka wa jiji.

Diwani wetu ndiye aliyekuja kututangazia. Huyu bwana tunamwita Nipo Nanyi, kwa kuwa hamalizi sentensi bila kutuambia yupo nasi, na akishamaliza kusema anapanda gari anakwenda kulala mbali nasi. Alisimama juu ya gari lake na kipaza sauti, viatu visije vikaguswa na tope letu.

"Ndugu zangu, leo nimekuja na habari njema! Kero zenu zote zimepatiwa ufumbuzi!"

Tukapiga makofi. Tulipiga, ndiyo, hata mimi, chanuo mkononi, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu.

"Dampo halimo tena jijini! Kipindupindu hakimo tena jijini! Nyumba zisizo na vyoo hazimo tena jijini!"

"Zimekwenda wapi?" akauliza fundi viatu wa pale kona.

"Hazijaenda popote. Jiji ndilo lililosogea."

Salale! Watu tukatazamana. Makofi yakafa mikononi.

"Kwa hiyo sisi sasa tuko wapi?" nikamuuliza.

"Mko nje kidogo." Akaonyesha kwa vidole viwili, kama mtu anayeomba chumvi. "Kidogo tu, dada yangu. Msiwe na wasiwasi. Nipo nanyi."

Nilikwenda ndani kumweleza mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Wanatuficha wageni wakija, kama sufuria lililoungua."

"Na wageni wakishapita, watatufunua?"

"Hilo usiniulize mimi, mwanangu. Kawaulize waliofunika."

Majaji wa mashindano wakaja, wakatembezwa kwenye barabara zilizofagiliwa mpaka zikang'aa, wakafikishwa darajani na kuambiwa jiji linaishia hapo. Wakageuza. Haikupita muda redio ikatangaza: jiji letu limeshinda. Na kwa kuwa tuzo yenyewe ilikuwa inatolewa nchi ya mbali, wakaondoka karibu wote kwenda kuipokea. Alikwenda meya, alikwenda mkurugenzi, alikwenda afisa mazingira na afisa nyumba. Nipo Nanyi naye alikwenda, eti kutuwakilisha. Sasa mtu ambaye ametutoa jijini kwa mkono wake mwenyewe anamwakilisha nani? Lakini ukiuliza sana unaambiwa una chuki.

Taabu ilianza wiki hiyo hiyo. Kichupa cha mama kilikwisha, nikampeleka zahanati taratibu, tunasimama kila penye kivuli. Muuguzi wa dirishani namfahamu, nimemsuka mara nyingi, hata siri zake nazijua.

"Mnakaa mtaa gani, dada?" akaniuliza, akibonyeza mashine yake.

"Ah! Leo umenisahau? Si kule kule nyuma ya dampo."

Akabonyeza, akabonyeza tena. Akainamisha uso. "Mashine haiutambui mtaa huo. Wameuondoa."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa na wagonjwa wake. Afisa afya ameshatangaza kwamba pumu jijini imepungua sana."

"Imepungua, au mmeifukuza?"

"Dada, usinigombeze mimi. Mimi nimewekwa hapa dirishani tu." Machozi yalikuwa yanamlenga. Akatazama kushoto na kulia, akamwita mama ndani, akampa dawa ya akiba ya dharura, avutie pale pale. "Lakini hii siwezi kuwapa mkaondoka nayo. Wakijua, kazi sina."

Tulirudi mikono mitupu, maana kichupa cha duka la dawa bei yake inamaliza mshahara wa mume wangu. Tulijaribu wilaya ya jirani, tukaambiwa wao hawajawahi kuomba watu wa kuongezewa, walio nao wanawatosha. Kwa hiyo huku hatumo na kule hatumo, na pumzi ya mama haisubiri waheshimiwa wakubaliane.

Ndipo mafundi wa jiji, ambao hawajawahi kuwahi jambo lolote tangu waajiriwe, wakakumbuka kuhamisha kibao. Kile kibao kikubwa cha "Karibu Jijini" kilichokuwa kimesimama kule mbele, ukishapita mtaa wetu, wakaking'oa, wakaja kukichimbia pale mwanzoni mwa daraja. Daraja lenyewe ni jembamba, gari moja kwa wakati, na kando yake kuna hoteli ya bustani ambako waheshimiwa hufanyia semina zao zote za kuondoa umaskini. Wakakisimamisha kibao, wakakipaka rangi, wakaenda zao kunywa chai.

Mume wangu akafika na lori limejaa mpaka linamwaga. Akakiona kibao. Akakanyaga breki.

Hapa lazima nieleze jambo, msije mkadhani mume wangu ni mwanamapinduzi. Tulipokuwa wachanga katika ndoa, aliwahi kulipitisha lori nje ya mpaka kwenda kumchukulia mama kitanda kwa dada yake. Kitanda tu! Walimweka kitimoto mbele ya kamati ya nidhamu, kofia mkononi, akasomewa kanuni: gari la jiji halivuki mpaka wa jiji bila kibali kilichosainiwa na mkurugenzi mwenyewe. Alirudi nyumbani amenywea, hata chakula hakugusa. Tangu siku hiyo mpaka wa jiji kwake ni kama nyoka. Na wale waheshimiwa, katika chai zao zote, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ukitoa dampo nje ya jiji, malori yako hayana ruhusa ya kulifikia.

Basi akazima injini, akashuka, akakaa kivulini mwa tairi kusubiri kibali. Nyuma yake likaja lori la pili, la tatu, la nne. Daraja jembamba, wa mbele kasimama, nani apite? Wenzake wakamfokea, kisha wakachungulia kile kibao, kisha nao wakaogopa.

Nilipompelekea chakula mchana nilikuta mkubwa mmoja amefika, leso puani. Huyu alikuwa kaimu wa kaimu, kwa sababu hata kaimu mkurugenzi mwenyewe alikwenda safari.

"Wewe dereva! Pitisha gari, unanukisha mji mzima!"

"Nitapita, mkubwa. Nisainie tu kibali."

"Mimi sina mamlaka ya kusaini. Mimi nakaimu tu."

"Basi na mimi nasubiri tu," akasema mume wangu, tena kwa adabu kabisa, amesimama wima. Hakuwa na kiburi hata chembe, maskini wa Mungu.

Mimi ndiye niliyekuwa na kiburi. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Baba watoto, nisikilize. Umewahi kuniona nakusifia? Leo nakusifia. Usisogee hapo!"

"Sisogei. Siruhusiwi."

"Hata kama huruhusiwi, usisogee kwa moyo!"

Maana nilikuwa nimeona jambo. Sisi na dampo ni chanda na pete. Watake wasitake watalirudisha dampo jijini, na likirudi, na sisi tunarudi, na mama anapata kichupa chake. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama avumilie, mambo yanakuwa mazuri. Alinishika mkono akacheka kidogo. Kucheka kwenyewe kulimtia kikohozi.

Malori yakakaa, jua likawaka, na taka si mtu, hazina subira. Maji yake yakaanza kutiririka kuelekea lango la hoteli, inzi wakaja ambao hatujawahi kuwaona hata sisi wazoefu. Kaimu wa kaimu akaagiza ununuliwe uvumba. Ukafukizwa hotelini kote, na mji ukanuka msiba juu ya kunuka taka.

Na msafara nao ukarudi siku ile ile ambayo hoteli ilishindwa kabisa kufungua madirisha. Sherehe ya kupokea tuzo ilikuwa imepangwa hapo hapo bustanini, na kuihamisha wakashindwa, maana kadi zilishatoka. Nilikwenda na binti yangu wa mwisho tukasimama nje ya ua wa hoteli, tuone. Wallahi sijutii. Meya alisimama na kombe la kioo, akafungua mdomo aseme "jiji letu safi", inzi akamwingia. Alikohoa, akamezeshwa maji, akaanza upya, akaingiwa na mwingine. Wake wa waheshimiwa walikuwa wamejifunika nyuso kwa vitambaa kama majambazi. Bendi ilipiga wimbo mmoja ikafunga vyombo. Nilicheka mpaka nikaegemea ua, na wapishi wa hoteli nao, upande wa pili wa ua, wakacheka na mimi.

Baraza likaitwa kikao cha dharura pale pale, ukumbini, milango imefungwa. Jambo la kututoa lilichukua kutwa na milo mitatu. Hili lilikwisha kabla chai haijapoa.

Tulisikia kipaza sauti kinakuja mtaani, tukatoka mbio. Mama naye akatoka, akakaa kizingitini. Nipo Nanyi alikuwa juu ya gari, jasho linamtoka, uso wote tabasamu.

"Ndugu zangu! Baraza lenu tukufu limewasikia! Dampo limerudi jijini!"

Vigelegele! Fundi viatu alirusha kofia. Mimi nilimkumbatia jirani ambaye tulikuwa hatusemezani tangu mvua za mwaka juzi.

"Na barabara inayokwenda dampo, nayo imerudi jijini!"

Vigelegele tena.

"Na sisi?" nikauliza.

Akanywa maji. "Suala lenu, dada yangu, ni suala mtambuka."

"Sijakuuliza ni suala gani. Nimekuuliza, na sisi?"

"Ninyi, kwa sasa, mnabaki pale mlipo. Tuelewane, ndugu zangu. Nikirudisha nyumba, nimerudisha na vyoo visivyokuwapo. Nikirudisha watu, nimerudisha na magonjwa yao. Takwimu zinaharibika. Na mwakani tuzo inashindaniwa tena! Taka hazina takwimu mbaya, taka ni taka tu. Lakini ninyi..." Akapangusa jasho. "Nipo nanyi."

Niliyomwambia siku ile siwezi kuyarudia mbele ya watoto wa watu. Gari liliondoka na maneno yangu bado yanalifuata. Nilipogeuka nikamwona mama kizingitini, ametulia, mikono magotini. Alikuwa amesikia yote. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyomzika baba yangu, kwa sababu ni mimi niliyemwambia avumilie.

Jioni lori la mume wangu lilikuwa la kwanza kupita. Limepita mbele ya nyumba yetu, taka zimeingia jijini kwa heshima zote, na mama, mwenye nyumba, yuko nje ya jiji anaziangalia zikipita. Nilimnunia mume wangu. Hakuwa na kosa, lakini nilimnunia, kwa sababu alikuwa karibu na Nipo Nanyi alikuwa mbali.

Kisha kifua cha mama kikabana kweli kweli. Ilikuwa asubuhi, mimi niko na mteja, nikasikia ungo umeanguka. Tulimkimbiza zahanati, mume wangu amembeba mgongoni kama mtoto. Yule muuguzi alimvutisha tena kwa kificho, akatuambia akiba yenyewe imebaki ya kulamba, na wakubwa wamekuja kukagua. "Sina la kufanya, dada. Natamani ningekuwa nalo."

Mama alipoweza kusema, alisema tukiwa njiani, kichwa chake kikiwa begani kwa mwanawe.

"Dampo siku hizi linakaa wapi?"

"Jijini, mama," akajibu mume wangu.

"Basi nipelekeni nikakae damponi."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Lakini mume wangu alisimama katikati ya barabara. Nilimwona anafikiri, uso wote ulikuwa unafikiri. Huyu mtu amekariri kila kanuni ya jiji waliyowahi kumfokea nayo.

"Hakuna kanuni inayokataza," akasema. "Wamekataza kutupa, wamekataza kuchoma, wamekataza kuokota. Kukaa hawajakataza."

"Usiniambie unamsikiliza!" nikapiga kelele. "Moshi ule ndio unaomuua!"

"Na bila dawa atakufa kwa moshi huo huo, nyumbani. Unataka nifanye nini, mama watoto? Niambie nifanye nini, nami nitafanya." Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mama yake mgongoni. Mimi wa maneno yote, nikajifunga khanga kiunoni, nikatangulia njia ya dampo.

Alimjengea kibanda kwa mabati chakavu pembezoni mwa dampo, hatua chache tu ndani ya mpaka mpya, upande ambao upepo humhurumia mtu mara mojamoja. Tukamwekea kitanda, mkeka na sufuria. Tukarudi kwenye dirisha la zahanati.

"Mkazi wa wapi?" akauliza muuguzi.

"Dampo," akasema mume wangu.

Akabonyeza. Mashine ikakubali pale pale, haikusita hata kidogo. Muuguzi akatupa kichupa, hakututazama usoni. Akatuambia tu kwamba mkazi mpya lazima akaguliwe na afisa afya, na atakuwa anapita bila taarifa, asipomkuta, jina linafutwa.

Afisa afya alikuja akiwa amevaa viatu vya mpira na kitambaa puani. Mimi nilikuwa nimeleta uji, mume wangu amesimamisha lori jirani. Mama alimkaribisha vizuri, akamsogezea kigoda. Hakukaa. Alitazama mabati, akatazama mlima wa taka unaofuka juu ya paa, akamsikiliza mama anavyopumua.

"Bibi," akasema, "kwa kifua hicho hukupaswa kuishi mahali kama hapa."

"Najua, mwanangu. Kwangu ni pale, ile nyumba yenye mlango wa buluu. Pana nafuu kidogo." Mama akatulia, akavuta dawa, akasubiri ifike. "Lakini pale ukiugua hawakuoni."

Afisa alikohoa ndani ya kitambaa chake. Akasema haya, ameshamwona, ila asiondoke ondoke, akutwe hapa kila atakapopita. Mama akamshukuru. Mume wangu akapanda lori, akaliwasha, akaenda kumwaga taka upande wa pili, mbali kidogo na mama yake.